Kipimo cha Mkristo Anayesomea Saikolojia

Leo nataka tuwazungumzie watu wazima wa Lodwar na Kakuma, huku Turkana, ambao, wakishamaliza kazi ya mchana, hufungua simu au kompyuta wakasomea saikolojia katika chuo ambacho hawajawahi kukikanyaga, tena chuo kinachoifundisha elimu hiyo kwa mtazamo wa Kikristo. Ni walimu wa shule za msingi, wauguzi, makatekista, wachungaji, wahudumu wa afya ya jamii. Watu wenye ndoa, watoto na karo za kulipa. Vyuo vikuu vya Kikristo hapa nchini, kama Daystar, Pan Africa Christian na Africa Nazarene, vina masomo ya saikolojia au ya ushauri nasaha, na vya ng'ambo vinavyofundisha kwa mtandao ni vingi kuliko tunavyoweza kuvihesabu. Wengi huuliza kama elimu ya namna hiyo ina thamani yoyote. Jibu langu ni kwamba inayo, ila thamani yake haipimwi kwa wingi wa mistari ya Biblia iliyomo katika masomo. Itaonekana siku ambayo mwanafunzi huyo ataketi na mtu aliyevunjika moyo, asiye wa dini yake wala wa kabila lake, akamsikiliza bila kumhukumu, bila kumhubiria na bila kuitoa siri yake nje. Hiyo ni nidhamu, na nidhamu hiyo skrini peke yake haiwezi kuifundisha. Hoja yangu ya leo ni hiyo, na nitaitetea.

Turkana haianzi leo kusoma kwa mtandao. Kambi ya Kakuma, iliyo kilomita zipatazo 120 kutoka Lodwar, ilianza mwaka 1992 kwa kuwapokea wavulana waliokimbia vita vya Sudan kwa miguu. Mwaka 2010 Wajesuiti, wakishirikiana na shirika lao la kuhudumia wakimbizi linalojulikana kwa herufi JRS, walileta hapo mpango wa elimu ya juu ambao ulianza wakati mmoja na ule wa kambi ya Dzaleka nchini Malawi. Wakimbizi wakawa wanasomea stashahada ya Chuo Kikuu cha Regis kilichoko Denver, Marekani, bila kuondoka kambini. Mpango huo una somo moja kubwa kwetu. Mwalimu alikuwa mbali, lakini wanafunzi hawakuachwa kila mtu na kifaa chake hemani. Walikuwa na kituo cha kukutania, umeme wa sola, mtu wa kuwaongoza papo hapo, na wenzao wa kubishana nao juu ya yale waliyoyasoma. Linganisheni hali hiyo na kozi huria za bure zilizojaa mtandaoni, ambazo kwa kawaida wanaozimaliza hawafiki hata mmoja kati ya kumi waliojiandikisha. Intaneti ni ileile, tofauti ni watu waliomzunguka mwanafunzi.

Sasa tuyasikilize mapingamizi, maana yapo na yanatoka kwa watu wenye nia njema. La kwanza hutoka madhabahuni. Wako wachungaji wanaosema kwamba Mkristo hana haja ya saikolojia, kwamba Neno la Mungu latosha, na kwamba huzuni inayozidi ni dhambi isiyotubiwa au pepo asiyekemewa. Wazo hili lina wasomi wake. Mwaka 1970 mchungaji Mmarekani Jay Adams alichapisha kitabu kilichowataka Wakristo wawarudishie wachungaji kazi ya kushauri na kuacha kuwategemea wataalamu wa akili, na mafundisho yake yamesafiri hadi makanisa yetu, hata pale ambapo jina lake halijulikani. Yuko sahihi katika jambo moja: mchungaji asiikimbie kazi ya kuwasikiliza waumini wake kwa kisingizio kwamba yeye si daktari. Lakini tukiifungua Biblia yenyewe, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, tunamkuta Eliya jangwani chini ya mti, amechoka kuishi, anaomba afe. Malaika hamkemei wala hamuulizi ametenda dhambi gani. Anamletea mkate na maji, anamwacha alale, anamletea tena, na maneno mazito yanakuja baadaye, nguvu zikiwa zimemrudia. Aliyeiandika habari hiyo alijua kwamba mwili, njaa na usingizi vina sehemu yao katika kukata tamaa kwa mwanadamu.

Na jambo hilo halikuishia katika Agano la Kale. Katika karne ya nne, watawa waliokaa majangwa ya Misri, Waafrika na wageni waliohamia Afrika, waliichunguza nafsi kwa uangalifu ambao wanasaikolojia wa leo wanauheshimu. Evagrius, aliyefariki mwaka 399, aliyapanga mawazo yanayomsumbua mtu katika makundi manane. Kundi mojawapo ni ule ulegevu wa roho unaomjia mtu wakati wa jua la utosi, akaona siku haisogei, kazi haina maana, wenzake hawampendi, na afadhali aende mahali pengine popote. Mkazi wa Kakuma anayengojea jibu la faili lake la ukimbizi mwaka wa kumi na tano hahitaji kuelezwa hali hiyo ni nini. Kwa hiyo Mkristo anayeisomea nafsi ya mwanadamu hajaenda kuazima kwa jirani. Anairudia kazi ambayo wazee wake wa imani waliifanya katika nchi kame kama hii, isipokuwa leo anapewa na vifaa vya kuyajaribu mawazo yake aone kama ni ya kweli.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili, kwa wasomi. Wao husema saikolojia ni sayansi, na ukiitia dini umeiharibu, kama ambavyo hakuna hesabu ya Kikristo. Pingamizi hili lina uzito, nami silipuuzi. Kozi inayomfundisha mwanafunzi kwamba sonona ni ukosefu wa imani, au kwamba mgonjwa wa kifafa afunge na kuomba badala ya kumeza dawa, haistahili kuitwa saikolojia hata ikipambwa kwa misalaba kila ukurasa. Mtu ajiepushe nayo na asiilipie hata shilingi. Lakini wasomi hao wakumbuke kwamba hata waasisi wa elimu hii hawakuja bila imani zao. Sigmund Freud, katika kitabu chake cha mwaka 1927, aliihesabu dini kuwa ni njozi inayotokana na matamanio ya binadamu. Huo ulikuwa msimamo wake juu ya ulimwengu, hakuupata katika maabara. Kila anayeketi kumshauri mwenzake huja na jibu lake juu ya mtu ni nani na maisha mema ni yapi. Afadhali anayelitaja jibu hilo waziwazi na kufundishwa kulishika hatamu, kuliko anayedhani hana.

Tena sayansi yenyewe imeipima dini, na matokeo yake yanafaa kusomwa na kila mchungaji. Mtafiti Kenneth Pargament na wenzake waliwafuatilia wagonjwa karibu 600 wenye umri wa miaka 55 na zaidi nchini Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Wagonjwa waliokuwa wakipambana na imani yao, wakiona kwamba Mungu amewaacha, kwamba hawapendi, au kwamba ugonjwa wao umeletwa na shetani, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka miwili iliyofuata, hata baada ya kuzingatia hali zao za afya. Imani basi inaweza kumsimamisha mtu na inaweza pia kumwangusha, kutegemea picha ya Mungu aliyoibeba. Mwanasaikolojia asiyejua lolote juu ya imani hataiona tofauti hiyo. Mchungaji asiyejua lolote juu ya saikolojia anaweza, kwa mahubiri ya Jumapili moja, kumwongezea mgonjwa mzigo uleule unaomuua. Anayezijua zote mbili ndiye anayeweza kumuuliza mama aliyefiwa na mwanawe Mungu anamwonaje sasa, akaisikia hatari iliyomo ndani ya jibu.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei yana watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi, Sudan na kwingineko, na wenyeji Waturkana wamewazunguka, wengine wakiwa Wakristo, wengine wakimtegemea Akuj, Mungu wa jadi yao, na ushauri wa emuron, yaani mwaguzi, kama walivyofanya babu zao. Mwanafunzi wetu atakutana na mjane Msomali mwenye tasbihi yake mkononi. Atakutana na kijana Mturkana aliyeponea uvamizi wa mifugo ambamo ndugu yake aliuawa. Atakutana na msichana aliyenajisiwa njiani wakati wa kukimbia, na ambaye anaogopa kuliko kifo kwamba kanisa lake litajua. Akija mbele yao na hamu ya kuongoa, amekwisha kushindwa. Mtu aliye taabani hana nguvu ya kukataa, hasa anapodhani kwamba kanisa la mshauri huyu lina njia ya kumpatia chakula, sare za shule au jina kwenye orodha. Wongofu unaopatikana hivyo ni matumizi mabaya ya udhaifu wa mtu, na nasema hivyo kwa sababu naithamini Injili. Mshauri Mkristo anaweza kusali na mtu anayeomba kusaliwa. Ombi litoke kwa mwenye dhiki, kwa hiari yake, baada ya kujua wazi kwamba akikataa hatapoteza chochote.

Na liko suala la siri, ambalo makanisa yetu hayajalishughulikia ipasavyo. Tuna utamaduni wa ushuhuda. Mtu akiponywa, anasimamishwa mbele ya kusanyiko aeleze alivyokuwa. Katika ibada ushuhuda una mahali pake, mhusika akiwa amejitolea mwenyewe. Katika ushauri nasaha ni sumu. Kambini watu wanaishi ukuta kwa ukuta, na habari iliyotajwa katika kikundi cha maombi asubuhi, hata kwa lugha ya "tumwombee dada mmoja," jioni imekwisha kufika bombani yanakotekwa maji. Kwa msichana niliyemtaja, hayo yanaweza kuwa mwisho wa ndoa, au hata wa uhai. Chuo kinachofundisha saikolojia kwa jina la Kristo kinapaswa kulifanya jambo hili kuwa somo la kwanza na la mwisho: lililosemwa chumbani libaki chumbani, isipokuwa pale maisha ya mtu yako hatarini, na hata hapo kuna utaratibu. Sakramenti ya kitubio imewafundisha mapadre jambo hilo kwa karne nyingi. Walei wanaosomea ushauri wana deni la kulijifunza kwa ukali uleule.

Je, watu wa kawaida wanaweza kufunzwa kazi hii, au tuwangojee madaktari bingwa? Ushahidi unatupa moyo, na mwingine umetoka karibu na kwetu. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, watafiti wakiongozwa na Frank Neuner waliwafunza washauri wasio wataalamu, wakawapa kazi ya kuwahudumia Wanyarwanda na Wasomali 277 waliokuwa na ugonjwa wa kiwewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Waliosaidiwa kuisimulia historia ya maisha yao hatua kwa hatua, asilimia 70 hivi hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Waliopewa ushauri wa kiwewe wa aina nyingine, asilimia 65. Na waliofuatiliwa tu bila tiba, asilimia 37. Nairobi, mwaka 2017, zilitolewa habari za wanawake 421 waliokuwa na dhiki ya akili, wengi wakiwa wamepitia ukatili, ambao nusu yao walipata vikao vitano na wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, wakapata nafuu kuliko wenzao wa huduma ya kawaida. Harare, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafunza akina bibi kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na jaribio la mwaka 2016 likaonyesha kwamba kazi yao inatibu. Sharti moja linapatikana kote: waliofunzwa hawakuachwa peke yao. Walikuwa na msimamizi wa kumrudia, aliyesikia walivyoiendesha kazi, akawasahihisha. Nakivale mbinu mbili tofauti zilifika karibu mahali pamoja, jambo linalonifanya niamini kwamba mafunzo ya kweli na usimamizi vina uzito kuliko jina la nadharia.

Basi hapo ndipo udhaifu wa kusoma mtandaoni unapojitokeza. Nadharia ya Piaget, sehemu za ubongo, namna ya kusoma takwimu: haya yote mtu anaweza kuyapata kwa simu na bando, akayarudia usiku hadi yamwingie. Lakini kunyamaza dakika tatu mtu akilia, kutouliza swali la udadisi, kutambua kwamba mtu ametaja kujiua bila kulitamka neno, haya hujifunzwa mbele ya mtu, na mtu mwingine akikutazama. Sheria ya Kenya nayo imeliona hilo. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka anayefanya kazi hii asajiliwe, kwa hiyo cheti cha mtandaoni peke yake hakimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia, hata kikiwa na muhuri wa dhahabu. Anayetaka kulipa karo aanze kwa kuuliza kama chuo kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kisha aulize saa ngapi za mazoezi zinahitajika, zitafanyika wapi, na nani atasimamia akiwa Lodwar. Chuo kisichokuwa na jibu la swali hilo la mwisho kinamuuzia nusu ya elimu kwa bei ya elimu nzima.

Wapo watakaosema kwamba elimu hii, ya Kikristo au isiyo ya Kikristo, ni ya Wazungu, haimhusu Mturkana. Wana hoja. Mwaka 2008 mtafiti Jeffrey Arnett alionyesha kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makuu ya saikolojia ya Marekani walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Yaliyopatikana kwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Michigan hayawezi kuchukuliwa yakawa kweli ya mfugaji wa Loima pasipo kujaribiwa. Kwangu mimi, hiyo ni sababu ya watu wa Turkana kuisoma elimu hii. Aliye nje ya darasa hawezi kuirekebisha. Mtu mzima mwenye miaka ishirini ya kuketi misibani, kusuluhisha ugomvi wa ndoa na kuwaona watu wakipoteza mifugo yao yote kwa ukame, kama ilivyokuwa mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa mwaka 2020, ana kitu cha kumwambia mwandishi wa kitabu. Kupoteza ng'ombe na mbuzi hapa ni kupoteza mahari, heshima, jina na njia ya kuhesabiwa kuwa mtu mzima. Nani ataliandika hilo katika lugha ya wataalamu, kama si mwanafunzi wa hapahapa?

Pingamizi zito kuliko yote nimeliweka nyuma kwa sababu sina jibu jepesi. Watu wana njaa. Mgao wa chakula kambini umepunguzwa mara kwa mara, na Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, milango ya wengi waliokuwa wamekwisha kuhojiwa ikafungwa. Saikolojia itamsaidia nini mtu ambaye anachohitaji ni unga na kibali? Nakubali kwamba ushauri nasaha ukitolewa mahali pa chakula ni udanganyifu, na mshauri anayemfundisha mtu kuvumilia dhuluma anaitumikia dhuluma. Eliya alipewa mkate kwanza. Lakini aliyekata tamaa kabisa hata mkate ukiletwa haunyooshei mkono, na mama mwenye sonona hushindwa kumlisha mtoto hata chakula kikiwepo. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyochapishwa mwaka 2019 ni kwamba mtu mmoja kati ya watano katika nchi zilizopitia vita ana tatizo fulani la akili. Kuwaambia watu hao wangoje mpaka siasa za dunia zitengemae ni kuwaacha wafe. Mwezi huohuo wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinapingana na Katiba. Mtu huyo, ambaye jana angepelekwa kituo cha polisi, leo apelekwe kwa nani huko Lokichar au Lokitaung?

Ndiyo sababu nayaelekeza maneno yangu ya mwisho kwa wenye vyumba na wenye mamlaka. Jimbo Katoliki la Lodwar na makanisa mengine yana majengo karibu kila kituo, mengi yakikaa wazi siku za kazi. Lodwar ina hospitali ya rufaa ya kaunti, na ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana. JRS imekuwa ikitoa ushauri nasaha Kakuma tangu miaka ya 1990, ikiwatumia wakimbizi wenyewe iliowafunza. Wakikubaliana, wanafunzi wote wa saikolojia wa mtandaoni, wawe wanasoma chuo gani, wanaweza kukutanishwa mara moja kwa wiki katika chumba chenye sola, chini ya mshauri aliyesajiliwa, wakafanya mazoezi, wakaletewa kesi na kurekebishwa, na wagonjwa wanaohitaji dawa wakapelekwa hospitalini bila kuzungushwa. Gharama yake ni mshahara wa msimamizi mmoja Lodwar na mwingine Kakuma, pamoja na nauli. Waislamu wa kambini wakaribishwe katika chumba hichohicho, kama wanafunzi na kama wasimamizi, maana mjane Msomali ana haki ya kusikilizwa pia na mtu wa imani yake akitaka. Mkutano wa kwanza wa kulipanga jambo hili hauhitaji mfadhili. Unahitaji mkuu wa chuo, askofu, wachungaji, maimamu na afisa wa afya ya akili wa kaunti waketi meza moja, na mwanafunzi mmoja awepo awaeleze anachokikosa.